Miguu Isilale: Maswali Yenu Kuhusu Ndege Ndogo Zinazotoka Njiani Wakati wa Kutua

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kwa nini ndege ndogo iliyokwisha kugusa ardhi salama hukata kona ghafla ikaingia majanini? Tumechagua sita. Tunatumia neno pisti, kama tunavyosema wote hapa Lubumbashi, kwa njia ya kurukia na kutua. Kasi tunaitaja kwa noti, na noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa.

Nafanya biashara ya samaki wakavu, napanda ndege ndogo kwenda kaskazini ya Katanga. Safari ya mwisho tulipanda ile yenye kigurudumu kidogo mkiani. Ilishuka vizuri, magurudumu yakagusa, watu wakaanza kupiga makofi. Mara ndege ikakata kushoto, ikazunguka, bawa la kulia likakwaruza udongo. Mvua haikuwepo, rubani hakuwa mlevi. Kuna wanaosema ni uchawi. Ni nini hasa?
*Mama mfanyabiashara, Katuba*

Pole sana Mama, na tunashukuru mlitoka wazima. Uchawi tuuweke kando, maana ulichokieleza kinajulikana vizuri. Marubani wa kwetu, ambao wengi wamesomea kazi kwa Kifaransa, wanakiita *cheval de bois*, farasi wa mti, kwa kuwa ndege huzunguka kama wale farasi wa mbao wa kuchezea watoto.

Ndege uliyopanda ina magurudumu makuu mawili mbele, na uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu hayo. Fikiria mshale. Kichwa kizito kikitangulia, unakwenda sawa. Ukiurusha kinyume, kichwa kikiwa nyuma, unageuka wenyewe hewani mpaka kichwa kitangulie. Ndege ya gurudumu la mkia ikiwa chini hufanya vivyo hivyo: pua ikipotoka digrii chache, uzito wa nyuma unataka kupita mbele, na kadiri pua inavyozidi kupotoka ndivyo msukumo wa kuipotosha unavyozidi. Mwanzoni mguso mdogo wa pedali unatosha kuirudisha. Rubani akichelewa kidogo, hata pedali iliyokanyagwa mpaka chini haitoshi tena. Ndege inazunguka kushoto, mwili unainamia upande wa nje, yaani kulia, mguu wa gurudumu la kulia unabeba mzigo ambao haukutengenezewa, na bawa la kulia linagusa chini. Ndivyo ulivyoona.

Ndege zenye gurudumu la pua, kama Cessna 172, 206 au Caravan, uzito wake uko mbele ya magurudumu makuu. Zikipotoka kidogo zina tabia ya kujinyoosha, na ndiyo maana zimeenea. Lakini nazo hutoka njiani, kwa sababu tutakazozitaja chini.

Mbona hutokea baada ya kugusa, watu wakiwa wamekwisha kupumua? Hewani pua inaongozwa na usukani wa mkia, ule unaogeuzwa kwa pedali za miguu, na usukani huo unahitaji upepo wa kasi ili ufanye kazi. Ikishagusa, kasi inashuka na usukani unalegea. Wakati huohuo mabawa bado yamebeba sehemu ya uzito, hivyo magurudumu hayajashika ardhi sawasawa. Hapo katikati pana sekunde kadhaa ambazo usukani umekwisha kudhoofika na tairi bado hazijapata mshiko. Ndizo sekunde ambazo abiria hupiga makofi, na ndizo ambazo rubani hatakiwi kulegeza miguu hata kidogo.

Ukipita tena kwenye pisti hiyo, angalia alama za tairi. Tairi iliyofungwa na breki huacha mstari mweusi ulionyooka, mzito, wa upana mmoja. Tairi iliyokuwa bado inazunguka huku ndege ikiteleza kiubavu huacha alama iliyopinda, inayoanza nyembamba na kupanuka, na ndani yake kuna vimistari vya mshazari kama michirizo ya kitana. Wachunguzi huzisoma alama hizo kabla ya kuuliza mtu yeyote, na ndiyo maana zisikanyagwe wala kufagiliwa kabla hawajafika.

Najifunza urubani kwenye Cessna 172. Mwalimu ananiambia kila siku kwamba miguu yangu imelala. Kiangazi hiki upepo wa Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, unanisukuma pembeni na nikigusa ndege inapepesuka. Naomba maelezo ya hatua kwa hatua.
*Mwanafunzi, Kampemba*

Mwalimu wako ana haki ya kupiga kelele. Anza na hesabu kabla hujaanza kushuka. Pisti ya Luano imelala 07/25, yaani digrii 70 upande mmoja na 250 upande wa pili, kwa hiyo ukitua kuelekea mashariki pua yako inaangalia karibu digrii 70 za dira. Upepo wa kiangazi hapa kwetu hutoka kusini-mashariki. Tuseme mnara unakupa digrii 130, noti 12. Tofauti ni digrii 60. Kariri hivi: kwa digrii 30, nusu ya upepo inakupiga ubavuni, kwa 45, sehemu saba za kumi, kwa 60, karibu sehemu tisa za kumi. Kwa hiyo noti 10 na nusu hivi zinakupiga upande wa kulia. Kitabu cha 172 kinataja noti 15 kama upepo wa ubavu uliojaribiwa. Huo ulijaribiwa na rubani wa kiwanda mwenye saa nyingi; wewe mwanafunzi weka mpaka wako chini ya hapo na mkubaliane na mwalimu.

Upepo ukiwa wa kushtukiza, chukua tofauti kati ya upepo wa kawaida na ule wa juu kabisa, igawe kwa mbili, uiongeze kwenye kasi yako ya kushuka. Noti 12 zinazofika 20 zina tofauti ya 8, kwa hiyo unaongeza 4, basi. Anayeongeza 10 au 15 "kwa usalama" anajitafutia tatizo jingine, na tutalijibu kwenye barua inayofuata. Flapu, zile mbao za nyuma ya bawa zinazoshushwa wakati wa kutua, tumia kiasi kidogo kinachotosha urefu wa pisti; Luano ina zaidi ya mita 3,000, hakuna sababu ya kuzishusha zote upepo ukikuchapa.

Ukikaribia chini, lazima mambo mawili yatimie kwa pamoja: ndege isisukumwe pembeni, na pua ilingane na mstari wa katikati. Usukani wa mkononi uinamishe kulia, bawa la kulia lishuke kidogo kuupinga upepo. Pedali ya kushoto ikanyage kiasi cha kuinyoosha pua. Mkono unashughulikia kusukumwa, mguu unashughulikia pua, ukivichanganya utazungushwa. Ikiwa umekanyaga pedali ya kushoto mpaka mwisho na pua bado inakataa kulingana na mstari, upepo huo umeishinda ndege. Ondoka, rudi hewani, subiri au nenda uwanja mwingine.

Gurudumu kuu la kulia liguse la kwanza. Litakuja la kushoto, kisha la pua, taratibu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: wakigusa wanarudisha usukani wa mkononi katikati, kana kwamba safari imekwisha. Fanya kinyume. Kadiri kasi inavyoshuka, endelea kuuzungusha kulia mpaka ufike mwisho, kwa sababu eleroni, ule ubao wa nyuma ya bawa unaogeuzwa na usukani wa mkononi, inapoteza nguvu na upepo bado unataka kuingia chini ya bawa la kulia na kuliinua. Na mkia ni kama bendera: upepo wa kulia unausukuma kushoto, pua inataka kugeuka kulia. Pedali ya kushoto iendelee kufanya kazi mpaka ndege isimame.

Sasa miguu yenyewe. Visigino viwe sakafuni, vidole chini ya sehemu ya breki. Ukigusa ardhi huku vidole viko juu ya breki, gurudumu moja linaweza kufungwa kabla uzito haujakaa, tairi ikapasuka, ndege ikavutwa upande huo. Macho yatazame mwisho wa pisti. Ukitazama mbele tu ya propela utaona pua imepotoka ikiwa imechelewa. Pedali ikanyage kidogo na mapema, kisha achia. Anayekanyaga kwa nguvu na kushikilia huvuka mstari kwenda upande wa pili, anakanyaga tena kwa nguvu zaidi, na mkia unaanza kutapatapa kama wa samaki aliyetolewa majini. Kila mtapo ni mkubwa kuliko uliotangulia.

Ukiamua kurudi hewani, jiandae: gesi yote ikiingia kwenye kasi ndogo, pua ya 172 huvuta kushoto kwa nguvu. Pedali ya kulia iende pamoja na mkono wa gesi, kisha flapu zirudi digrii 20, na zilizobaki uziondoe pole pole kasi ikipanda. Kuna ndege zilizotoka upande wa kushoto wa pisti katika hatua hii hii, baada ya uamuzi ambao ulikuwa sahihi kabisa.

Ni kweli kwamba ndege hutua kwa kasi zaidi Lubumbashi kuliko Muanda ya pwani, ingawa ni ndege ileile na rubani yuleyule?
*Mwalimu wa fizikia, Kamalondo*

Kweli, na saa ya kasi haikuonyeshi. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Oktoba, joto likifika nyuzi 33, hewa yake ni nyembamba kama ya mahali penye mita 2,200 na zaidi. Saa ya rubani inasoma noti 65 kama kawaida, lakini ndege inapita juu ya ardhi kwa noti 73 hivi kama hakuna upepo. Ni asilimia 12 zaidi, na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, breki na tairi zinakabidhiwa asilimia 25 zaidi ya kuzima. Kavumu ya Bukavu, iliyo juu ya mita 1,700, hali ni kali kuliko hapa.

Rubani asipunguze kasi ya saa kwa sababu hiyo, bawa linahitaji noti zake 65. Wala asiiongeze. Anayekuja na noti 75 kwenye saa ataelea juu ya pisti bila kugusa, atachoka kusubiri, ataisukuma ndege chini kwa nguvu. Gurudumu la pua litagusa kwanza na kubeba uzito, magurudumu makuu yakiwa mepesi. Wakati huo ndege inageuka juu ya pua yake kama pusupusu (toroli) iliyoinuliwa mikono: gurudumu moja mbele, nyuma hakuna kinachoshika. Mguso mdogo wa pedali au upepo mdogo wa ubavu unaizungusha. Tiba ni kuacha kuusukuma usukani, kuuvuta kidogo ili uzito urudi nyuma, au kuondoka. Ikiwa imeruka juu baada ya kugonga, usiifukuze na pua. Mruko wa pili au wa tatu ndio unaovunja mguu wa mbele.

Mimi ni fundi mwanafunzi. Rubani ameandika kwenye daftari: "Inavuta kushoto ikitua." Nianzie wapi?
*Fundi, Ruashi*

Anzia na geji ya upepo wa tairi, kwa sababu ni dakika tano na mara nyingi jibu liko hapo. Kwa 172S, tairi kuu ni psi 42 na ya pua psi 45; za zamani kama 172N ni 29 na 31. Soma kitabu cha ndege iliyo mbele yako, usitumie namba za jirani. Tairi moja ikiwa chini, ndege huvuta upande wake. Zipime zikiwa baridi, asubuhi.

Kisha inua kila upande kwa jeki, zungusha gurudumu kwa mkono. La kushoto likiwa zito, breki haiachii: angalia pistoni iliyoshikwa na kutu au vumbi jekundu, pini ambazo kalipa inatelezea, na unene wa pedi. Angalia uvujaji wa mafuta ya breki. Upande wa *kulia* ukiwa umevuja nao utaleta lalamiko lilelile, kwa kuwa breki ya kushoto peke yake ndiyo inayoshika. Fundi wengi husahau hilo na kufungua upande mzima usio na kosa.

Nenda kwenye mguu wa pua. Shika gurudumu, litikise kushoto na kulia. Mkasi unaounganisha sehemu ya juu na ya chini ya shokomzoba ukiwa na bushi zilizolika, utahisi mchezo mkononi kabla hujauona. Dampa ya kuzuia mtetemeko ikikosa mafuta, gurudumu litatetema kwa kasi fulani na rubani ataona pua inamponyoka. Kumbuka pia tofauti ya ndege: kwenye Cessna 172 pedali zinaligeuza gurudumu la pua kupitia springi, digrii 10 hivi kila upande, na breki ya upande mmoja inaweza kulifikisha 30; lakini hewani, shokomzoba ikiwa imenyooka, gurudumu linafungwa katikati. Piper PA-28 imeunganishwa moja kwa moja, kwa hiyo rubani akigusa pua huku mguu umekanyaga, ndege inakwenda alikokanyaga. Mara nyingine lalamiko ni la namna hiyo na spana haitalitibu. Mwambie kwa heshima.

La mwisho tunalisisitiza: reli za kiti. Kwenye Cessna ndogo kiti cha rubani kinashikwa na pini zinazoingia kwenye matundu ya reli. Matundu yakilika yakawa ya mviringo mrefu, au pini isipoingia hadi mwisho, kiti hurudi nyuma ghafla, miguu inaachana na pedali, na mkono unauvuta usukani bila kukusudia. Wakaguzi wa Marekani walitoa agizo maalumu juu ya reli hizi tangu 1987. Safisha mchanga kwenye matundu na upime ulikaji kila ukaguzi.

Propela ikigusa ardhi, hata ikionekana imekwaruzika kidogo tu, injini isiwashwe tena. Lycoming na Continental, watengenezaji wa injini, wanataka ifunguliwe na kukaguliwa ndani.

Kijiji chetu upande wa Mitwaba kina kiwanja cha udongo mwekundu. Ndege ya dawa ilitoka njiani mwaka uliopita. Sisi tunaokitunza tufanye nini?
*Kamati ya kiwanja*

Tembeeni pisti nzima kwa miguu, watu watatu kwa safu, mmoja katikati na wawili kwenye mistari ya magurudumu. Ajali za viwanja vya udongo mara nyingi huanza na gurudumu *moja* kukutana na kitu ambacho jingine halikukutana nacho: mfereji uliochimbwa na mvua, kichuguu kilichoota juzi, kingo laini. Shimo lijazwe changarawe na kushindiliwa kwa tabaka nyembamba, si udongo wa juu uliomwagwa tu. Ule utakuwa tope mvua ya kwanza. Vichuguu vichimbwe hadi kwenye kiota, kwa maana ukikata kichwa tu kinarudi. Kingo ziwekewe alama za kuonekana, mawe yaliyopakwa chokaa *yaliyozikwa* usawa na ardhi. Jiwe lililosimama juu litavunja mguu wa ndege iliyotoka kidogo tu.

Mfuko wa upepo uwe mzima na uzunguke wenyewe. Uliochanika humdanganya rubani. Mbuzi na baiskeli za makaa ziwe na mtu wa kuzizuia tangu ndege inaposikika mpaka itakapozima injini.

Na mumpe rubani ukweli kwa redio au simu. Mamlaka ya anga ya Uingereza inapendekeza kuzidisha urefu wa kutua kwa 1.15 kwenye majani makavu, 1.35 kwenye majani yaliyolowa, 1.10 kwa mteremko wa asilimia 2, kisha 1.43 kwa usalama. Ndege ambayo kitabu chake kinasema mita 450 kwa joto na urefu wa kwenu, ikitua kwenye majani yaliyolowa huku pisti ikiteremka, inahitaji karibu mita 956. Majani yakiwa marefu au udongo umelainika, semeni hivyo kabla hajaondoka Luano. Ikiwa maji yamesimama, semeni asije.

Sisi abiria tufanye nini ndege ikianza kuzunguka?
*Baba wa watoto wanne, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Kazi yako kubwa, Baba, ni kabla ya kuruka. Kataa kukaa mbele ya mzigo usiofungwa kwa wavu. Ndege ikisimama kwa nguvu mara 9 ya uzito, gunia la unga la kilo 50 linakusukuma mgongoni kama kilo 450. Mizigo iliyorundikwa nyuma kabisa nayo huilegeza pua, kwa hiyo rubani akikuomba uhamie kiti cha mbele usibishane. Mkanda ukaze chini, juu ya mifupa ya nyonga, usiupitishe tumboni; mtoto mwenye kiti chake awe na mkanda wake. Jua mlango unafunguliwaje, ujaribu mkono wako pale kabla injini haijawaka.

Ikianza kuzunguka, inama, kichwa chini, mikono ikikilinda, na ubaki hivyo mpaka kila kitu kitulie. Kuna mtikiso wa pili bawa likigusa. Usifungue mkanda propela ikizunguka. Rubani atafunga mafuta na umeme. Tokeni kwa upande wa nyuma ya bawa, mbali na propela, mkielekea kule upepo unakotoka, na mzigo uuache ndani.